Manila, nailoni, katani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kamba

Ukurasa huu ni wa watumiaji wa kamba wa Arusha na Moshi: mfugaji wa kihambani, utingo wa Fuso, fundi ujenzi, mtunza vifaa wa kampuni ya kupandisha wageni mlimani. Vipimo vya nguvu vilivyotajwa ni vya kukadiria, kwa kamba mpya ya misokoto mitatu iliyotengenezwa kwa viwango. Kamba ya bei ya kutupa inaweza kuwa chini sana ya hapo.

Dukani nimeambiwa hii ni "kamba ya manila". Ni kitu gani hasa?

Kwa maduka mengi ya huku, ni plastiki, na mara nyingi ni polipropilini. Manila halisi hutokana na abaka, mmea wa Ufilipino ambao ni ndugu wa mgomba wetu, na kamba yake ilipewa jina la bandari iliyokuwa ikisafirishwa kutoka huko. Rangi yake ni ya kahawia ya dhahabu, ina vinyweleo, na haing'ai kama mfuko wa rambo. Jina lilihamia kwenye kamba za plastiki zilipokuja kuchukua kazi zake, likabaki.

"Nailoni" nayo imepatwa na hayo hayo. Mtu akiona kamba inayong'aa huiita nailoni, ilhali nailoni ya kweli ni ghali na si kila duka huiweka. Hapa ndipo hasara nyingi huanzia, kwa sababu nailoni, polista na polipropilini zinafanana machoni lakini tabia zake kazini ni tofauti kabisa. Usinunue jina. Nunua nyuzi.

Basi nitazitambuaje nyuzi bila maabara?

Kwa maji na moto. Kata kipande cha sentimita tano, fumua misokoto, chukua nyuzi chache na uzizamishe kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni, huku ukizikamua kwa vidole. Kukamua ni muhimu, maana hewa iliyonaswa huweza kuelesha hata nyuzi nzito. Zikielea baada ya hapo, ni polipropilini au polietilini. Zikizama, ni nailoni, polista au nyuzi za mimea.

Kisha nenda nje, shika nyuzi kwa koleo na uzisogeze kwenye moto wa kiberiti. Nyuzi za mimea, yaani katani, pamba, usumba au abaka, haziyeyuki. Huwaka kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini. Polipropilini na polietilini huyeyuka haraka, hudondosha matone yanayowaka na kunuka mshumaa. Ukitaka kuzitenganisha hizo mbili, zipapase: polietilini ni telezi, kama imepakwa nta. Polista hutoa moshi mweusi wenye masizi na harufu tamutamu. Nailoni moshi wake ni mweupe zaidi na tone lake likipoa huwa gumu, la rangi ya kahawia. Usiguse tone lolote kabla halijapoa, hung'ang'ania ngozi na kuiunguza.

Kamba yenye rangi mbili ipime kila rangi peke yake. Zipo zinazochanganya polista juu na polipropilini ndani, na si udanganyifu iwapo muuzaji amesema hivyo.

Ipi ina nguvu zaidi?

Tuchukue unene mmoja, milimita 12. Katani hukatika kwenye uzito wa karibu kilo 950, manila halisi kidogo zaidi ya kilo 1,000, polietilini karibu 1,500, polipropilini karibu 2,000, polista kama 2,250, na nailoni karibu 3,000. Maana yake, ukitaka katani ifanye kazi ya nailoni ya milimita 12 itabidi uende hadi milimita 20 na zaidi.

Hicho ni kipimo cha kukatika, kwa hiyo usikipangie mzigo. Kwa kufunga na kuvuta mizigo ya kawaida gawa kwa 5 angalau. Kwa kuinua kitu juu ya sehemu ambayo watu hupita, gawa kwa 10 au zaidi. Kwa hiyo polipropilini ya milimita 12 ikiwa mpya ni kamba ya kuinulia kilo 200, hata kama karatasi ya kiwandani imeandika 2,000.

Unene wenyewe hakikisha. Zungusha kamba mara 10 kwenye kipande cha bomba, mizunguko ikae imebanana bila kukandamizwa, pima upana wote kwa rula, gawa kwa 10. Kamba inayouzwa kama ya 12 hutokea ikawa ya 10. Tofauti inaonekana ndogo, ila nguvu hufuata eneo la mkato, na milimita hizo mbili ni karibu theluthi ya nguvu yote.

Mzigo ulikuwa mwepesi kuliko kipimo. Mbona kamba ilikatika?

Angalia kwanza ilikatikia wapi. Ikiwa ni kwenye fundo au pembeni yake, jibu umelipata: fundo huondoa kati ya theluthi moja na nusu ya nguvu, kwa sababu nyuzi za nje ya kona huvutwa zaidi na za ndani hukandamizwa. Ukiunga kwa kufuma misokoto ndani ya misokoto, karibu nguvu yote hubaki.

Ikikatika ilipopita kwenye ukingo wa bati, nondo au bodi ya gari, ukingo ndio ulioikata. Weka kipande cha tairi au gunia lililokunjwa. Ikikatika na ncha zimeyeyuka na kuwa ngumu, ni joto la msuguano, na hili huwapata sana wanaoteremsha mzigo kwa kuzungusha kamba ya plastiki kwenye mlingoti. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi, polietilini karibu 130. Ukiiacha iteleze kwa kasi kwenye chuma, sekunde chache zinatosha. Ekzosi ya bodaboda hufanya hivyo hivyo kwa kamba inayoning'inia.

Sababu ya nne ni mshtuko. Mzigo wa kilo 50 ukidondoka nusu mita kabla kamba haijakaza huivuta kwa nguvu kubwa mara kadhaa kuliko kilo 50, na kamba isiyonyumbuka ndiyo huumia zaidi.

Ya tano ni pembe, nayo husahaulika hata na mafundi wazoefu. Ukiinua tangi kwa miguu miwili ya kamba, kila mguu ukiinama digrii 60 kutoka usawa wa ardhi hubeba asilimia 58 ya mzigo. Ukiinama digrii 30 tu, kila mguu hubeba mzigo mzima. Refusha miguu, kulabu ipande juu.

Katani ina kazi gani tena siku hizi?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Haiyeyuki, haitelezi mkononi, fundo lake hushika, haivutiki ovyo, na ikidondoka shambani huoza bila kumsumbua mtu wala ng'ombe. Mafundi huipenda kwa kufungia mirunda ya jukwaa kwa kuwa ikikaza imekaza. Kwa kufungia miche, mizabibu na vitunguu, nyuzi za katani hazina mpinzani, maana plastiki hubaki kwenye udongo miaka na huingia kwenye malisho.

Mmea ni mkonge, zao lake ni katani. (Kitani ni kitu kingine, hicho cha nguo.) Ukitoka Moshi kwenda Tanga utaanza kuona mistari ya mikonge kabla hujafika Segera. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi kutoka Florida, na vilivyonusurika safari vilikuwa 62. Kutokana na hivyo lilizaliwa zao ambalo mwaka 1964 lilifikia takriban tani 230,000. Baadaye kamba za plastiki ziliteka soko na mashamba mengi yakarudi pori.

Jani moja lina nyuzi kama elfu moja, lakini kwa uzito ni kidogo: kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 3 hadi 5 tu za nyuzi kavu. Majani husagwa kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, nyuzi huoshwa, huanikwa juani, hupigwa brashi, kisha hupangwa kwa madaraja. Ucheleweshaji kati ya kukata na kusaga huharibu rangi na ubora, kwa hiyo jani lililolala siku kadhaa shambani ndilo chanzo cha kamba iliyojaa madoa.

Ukinunua, fungua misokoto katikati ya roli. Nyuzi ziwe ndefu, za rangi ya krimu, bila vipande vya kijani vilivyokauka ambavyo hukatika ukivikunja. Kamba yenye harufu ya ukungu iache.

Kamba ya katani huoza. Nifanyeje idumu?

Maji na giza pamoja ndiyo adui. Ikilowa, itandaze au itundike ikauke kabisa kabla ya kuikunja, hata ikichukua siku mbili kipindi cha masika. Ihifadhi juu ya kigingi, mbali na sakafu, kwa sababu mchwa huila kama wanavyokula mbao, na panya hawako mbali. Kagua kwa kuifungua misokoto kila nusu mita: nje inaweza kuwa nzuri na ndani kumejaa unga wa kijivu. Ukiona unga huo, kamba hiyo ni ya kufungia majani tu.

Ujue pia kwamba ikilowa huvimba na kufupika. Fundo lililofungwa kavu hubana kiasi cha kuhitaji msumari kulifungua, na mzigo uliokazwa mvua ikinyesha utakuta umelegea kamba ikikauka.

Ng'ombe wa zizini afungwe kwa kamba gani?

Katani au pamba nene, milimita 12 hadi 16. Plastiki nyembamba hukata shingo. Kitanzi kiwe cha fundo lisilojikaza, na vidole vinne vipite kati ya kamba na shingo.

Kamba za turubai hulegea njiani kila safari. Kwa nini?

Kwa sababu karibu zote ni polipropilini, nayo ina tabia ya kujinyoosha polepole ikiwa chini ya mzigo wa muda mrefu na hairudi. Jua la Mombo likiipasha moto ndiyo kabisa. Nailoni nayo hunyumbuka na ikinyeshewa huzidi kulegea. Inayofaa ni polista: hunyooka kidogo, haipotezi nguvu ikilowa, na huvumilia jua. Ni nzito na bei yake iko juu, lakini kwa gari linaloshuka Dar es Salaam kila wiki hulipa.

Kama una polipropilini tu, kaza upya baada ya kilomita 30 hadi 50 za kwanza, maana sehemu kubwa ya kulegea hutokea mwanzoni: mzigo unajipanga na kamba inajinyoosha. Kisha kaza kila mnaposimama. Mipira ya tyubu inayofungia mizigo midogo haifai kufungia mzigo wa juu ya Fuso, kwani hurudi nyuma kama manati.

Kamba ya ndoo ya kisima?

Polipropilini ya milimita 10 au 12 inatosha. Haiozi, haifyonzi maji, na ikidondokea kisimani huelea uipate. Ubaya wake ni mkono kuteleza, kwa hiyo piga fundo kila mita moja ikiwa unavuta bila kapi. Ukiwa na kapi, usiweke mafundo, na gurudumu la kapi liwe na kipenyo cha angalau mara nane ya unene wa kamba. Kwa kamba ya 12, hiyo ni karibu sentimita 10. Gurudumu dogo zaidi huvunja nyuzi za ndani, na kamba hufa ikiwa inaonekana nzima.

Mtu hashuki kisimani kwa kamba ya ndoo. Haijalishi ni mpya.

Nataka kamba ya kuvutia gari lililokwama kwenye tope.

Hii ni kazi ya nailoni halisi. Hunyumbuka, hivyo hupokea mshtuko na kuurudisha taratibu kama mvuto. Milimita 20 hukatika karibu na kilo 8,000 ikiwa kavu. Ikilowa ondoa asilimia 10 hadi 15, na kwenye tope italowa. Gari la tani moja na nusu lililozama hadi ekseli linaweza kudai mvuto mkubwa kuliko uzito wake, kwa hiyo chimba kwanza mbele ya matairi.

Kunyumbuka huko huko ndiko kunakoua. Nailoni iliyovutwa ina nguvu iliyohifadhiwa, na ikikatika au kulabu ikichomoka hurudi kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Watu wote wakae mbali kwa umbali unaozidi urefu wa kamba, tena pembeni, si kwenye mstari wa mvuto. Tupa koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya kamba ili liivute chini ikikatika. Funga kwenye sehemu ya chesesi, usifunge kwenye bampa.

Kamba ya bluu ya kuanikia nguo inatoa unga na inachoma mikono. Imekuwaje?

Jua limeikata. Mionzi ya urujuanimno huvunja minyororo ya plastiki, na polipropilini isiyotiwa kinga ndiyo dhaifu kuliko zote. Uharibifu huanza nje, nyuzi zinavunjika vipande vipande, ndiyo huo unga. Kamba nene hudumu zaidi kwa kuwa tabaka la nje hukinga la ndani. Nyeusi mara nyingi hushinda rangi nyingine, kwani masizi yaliyochanganywa humeza mionzi. Kinga inayochanganywa kiwandani huongeza muda, ila haionekani kwa macho, hivyo muulize muuzaji kama roli lina maelezo yake.

Mionzi huongezeka kadiri unavyopanda, kwa kiasi cha asilimia 10 hivi kila mita 1,000. Arusha mjini iko juu kuliko Moshi kwa mita mia kadhaa, na kamba za hema zinazokaa msimu mzima kambi ya Barafu kule Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, hupata kipigo kikubwa kuliko hizo zote. Kwa hema tumia polista ya kusukwa ya milimita 3 au 4. Nailoni hulegea umande ukishuka, na asubuhi hema linakuwa limelala.

Kamba ya kupandia miamba ni ipi?

Njia za kawaida za Kilimanjaro hazihitaji kamba ya usalama. Kwa kuta za kupandia na kazi za juu, kamba ni ya nailoni yenye kiini cha nyuzi kinachobeba mzigo na ganda la kusukwa linalokikinga. Zipo za aina mbili na hazibadilishwi. Ya kunyumbuka, chini ya kiwango cha Ulaya cha EN 892, humdaka mtu anayeanguka. Isiyonyumbuka sana, EN 1891, ni ya kushukia na kazi za juu, na ya daraja A lazima ihimili kilonyutoni 22, yaani mvuto wa kilo 2,200 hivi. Ukimdaka mtu kwa isiyonyumbuka, kamba haitakatika. Mgongo wake ndio utakaoumia.

Tafuta lebo ya kiwango kwenye ncha na mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 hata kama haijatumika. Usiukabidhi mwili wako kwa mtumba usio na historia. Na usiihifadhi kwenye buti la gari karibu na betri: hata mvuke wa tindikali ya betri huila nailoni bila kuacha alama. Polista huvumilia tindikali vizuri zaidi lakini huchukia magadi makali. Polipropilini haijali sana yote mawili, ndiyo maana hupendwa penye kemikali.

Vipi kuhusu Dyneema na Kevlar?

Dyneema ni polietilini iliyonyooshwa kwa namna ya pekee. Huelea, na kwa uzito ule ule ina nguvu kuliko waya wa chuma, kwa hiyo inafaa kwenye winchi za magari ya safari. Ila huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi joto 150, na ni telezi kiasi kwamba mafundo ya kawaida huchomoka. Kevlar, nyuzi nyingine za kiwandani zenye nguvu sana, haiyeyuki, lakini haipendi kukunjwa mara kwa mara wala jua. Kwa mzigo wa ndizi sokoni, zote mbili ni kupoteza pesa.

Ninunue kwa kilo au kwa mita?

Inategemea nyuzi. Mita 100 za milimita 12 zina uzito wa takriban kilo 6.5 zikiwa polipropilini, kilo 9 zikiwa nailoni, kilo 10.5 zikiwa katani, na kilo 11.6 zikiwa polista. Kwa kilo moja, basi, polipropilini hukupa kama mita 15 na polista chini ya 9. Anayelinganisha bei ya kilo bila kujua hivyo hudhani polipropilini na polista zimepishana kidogo tu.

Mizani pia hufichua kasoro. Mita 10 za polipropilini ya 12 zikipungua sana chini ya gramu 650, kamba ni nyembamba au imesokotwa kwa kulegea. Katani iliyozidi uzito pengine ina unyevu, na hapo unalipia maji.

Ncha zinafumuka. Nizifunge vipi?

Plastiki: zungushia tepu, kata katikati ya tepu kwa kisu kikali, pasha ncha moto hadi nyuzi zishikane, ibonyeze kwa kijiko cha chuma kilicholowa. Usitumie vidole.

Katani na pamba huwezi kuyeyusha, kwa hiyo funga kwa uzi. Laza kitanzi cha uzi kando ya kamba kikielekea nchani, zungusha uzi kuanzia nyuma kwenda nchani, kila mzunguko ukibana mwenzake, hadi upana ufikie mara moja na nusu ya unene wa kamba. Pitisha mwisho wa uzi ndani ya kitanzi, vuta ule mwanzo wake hadi kitanzi kizame chini ya mizunguko, kata mabaki. Zungusha kinyume na msokoto wa kamba ili ikikaza, uzi nao ukaze.

Ukiunga kamba kwa kufuma, katani inahitaji kila msokoto upite mara tatu. Plastiki ni telezi, ipitishe mara tano.

Maganda ya mgomba yanafaa?

Kwa kufungia mzigo wa majani ya ng'ombe, ndiyo, na ni bure. Loweka kidogo yalainike kabla ya kusokota. Yatumie siku hiyo hiyo.

Kamba iliyochoka niitupeje?

Ikate vipande vifupi, chini ya urefu wa mkono, ili asitokee mtu wa kuiokota na kuinulia tofali. Katani ichanganye na mbolea. Za plastiki zipeleke kwa wanunuzi wa plastiki chakavu zikiwa safi, na usizichome jikoni wala usiziache zizini, kwani ng'ombe huzila na zikijikusanya tumboni hazitoki.